Mtarakwa Unapokauka: Kutambua Kazi ya Wadudu Vamizi Katika Misitu ya Asili

Mwongozo huu unawalenga watu wanaoujua msitu kwa miguu yao: walinzi wa misitu ya vijiji, wanachama wa vikundi vya jamii vinavyosimamia misitu, wafugaji wa nyuki, waongoza watalii na maafisa ugani. Hao ndio huwa wa kwanza kuona kwamba mti fulani hauko katika hali yake, ingawa mara nyingi hawana maabara ya kupeleka tawi wala mtaalamu wa kumwita siku hiyohiyo. Mifano imetoka kwenye miti miwili ya asili ya Afrika Mashariki. Wa kwanza ni mtarakwa, unaoitwa pia mwangati (Juniperus procera), mti wa milimani unaopatikana kuanzia Mau na Aberdare nchini Kenya hadi Shume-Magamba katika Usambara Magharibi. Wa pili ni mgunga wa vinundu (Vachellia drepanolobium), ambao Wamaasai huuita eluai, na ambao umetawala udongo mweusi wa mfinyanzi wa Laikipia. Mtarakwa hufyonzwa na mdudu mgeni, kidukari wa msaipresi. Mgunga hupata madhara kwa njia nyingine kabisa, kwani mdudu mgeni huwaua walinzi wake, yaani sisimizi wanaoishi mtini, na mtu aliyezoea kumtafuta mdudu anayekula jani anaweza kulipita tatizo hilo mara mia bila kulitambua.

Kabla ya kumshuku mdudu

Msitu wa asili una miti inayokufa kila mwaka, na mti mmoja uliokauka hauwi ushahidi wa lolote. Anza kwa kuitazama miti jirani ya aina nyingine. Kidukari anayeshambulia mtarakwa huishi kwenye miti ya jamii ya misaipresi peke yake. Hagusi podo, wala hagusi mzeituni mwitu. Kwa hiyo, ikiwa podo, mzeituni na mtarakwa vimepukutisha majani pamoja kwenye mteremko mmoja, kidukari huyo hawezi kuwa sababu kuu, na inafaa kufikiria ukame, moto uliotambaa chini, au chemchemi iliyobadilisha mkondo. Ikiwa mitarakwa ndiyo peke yake iliyogeuka rangi huku majirani zake wakiwa wa kijani, shaka yako ina msingi.

Kisha tazama jinsi miti iliyoathirika ilivyotawanyika. Ukame huanzia juu ya miamba na kwenye udongo haba. Kuvu wa Armillaria huhama kutoka mzizi hadi mzizi, kwa hiyo hutengeneza kiraka kinachopanuka polepole kama duara. Kidukari huanzia pale upepo au miche ilipomfikisha, na mara nyingi hapo ni ukingo wa msitu unaopakana na shamba la misaipresi au na ua wa makazi. Mfano mzuri wa dalili isiyotokana na mdudu mgeni uko Oman: kwenye Jabal Akhdar, miti ya ukoo mmoja na mtarakwa ina hali mbaya chini ya mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na ile iliyo juu ya hapo ina afya nzuri zaidi. Mdudu hapangi mashambulizi yake kwa kufuata mstari wa mwinuko namna hiyo. Joto na upungufu wa maji ndivyo hufanya hivyo.

Tawi linapogeuka kahawia kuanzia ndani

Dalili iliyo wazi zaidi ya kidukari wa msaipresi (Cinara cupressivora) ni kubadilika rangi kwa majani yaliyo karibu na shina, mara nyingi wakati ncha za tawi bado ni za kijani. Majani hayo huwa manjano, kisha kahawia yenye wekundu wa kutu, na ukavu hutambaa kuelekea nje hadi tawi zima, na pengine mti mzima, unapokufa. Wadudu hawa hawakai kwenye majani machanga kama vidukari wa kunde au wa sukumawiki, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Hukusanyika kwenye tawi lenyewe, juu ya gome, na kutoboa hadi kwenye mishipa inayosafirisha chakula cha mti. Wanapofyonza, mate yao huingiza mtini kitu chenye sumu, na ndiyo sababu kundi dogo huweza kuua tawi ambalo lingevumilia kwa urahisi hasara ya utomvu peke yake.

Kuthibitisha hakuhitaji vifaa vya gharama. Tandika kitambaa cheupe chini ya tawi ambalo nusu yake bado ni hai, kwa sababu kwenye tawi lililokwisha kufa wadudu wamekwisha kuhama, kisha ligonge kwa fimbo mara kadhaa. Utakaowatafuta ni wadudu laini wa milimita 2 hadi 4, wenye rangi ya kahawia, alama nyeusi mgongoni na mara nyingine vumbi la nta la kijivu. Fungua pia matawi ya ndani kwa mkono na uangalie sehemu za chini, kwa kuwa makundi yao hujificha kivulini na rangi yao hushabihiana mno na gome. Mara nyingi sisimizi ndio wanaokuonyesha njia, kwani hupanda na kushuka wakifuata umajimaji mtamu unaotolewa na vidukari. Umajimaji huohuo ukidondokea majani ya chini huota juu yake ukungu mweusi unaofanana na masizi ya jikoni. Hata hivyo, masizi hayo peke yake si uthibitisho, kwa sababu kuna wadudu wa asili wanaotoa umajimaji wa aina hiyo na ambao mtarakwa umeishi nao tangu zamani bila kuangamia.

Angalia jambo moja zaidi ambalo wengi hulipuuza. Ukiwaona vidukari waliovimba, waliokauka na kuwa kama vijipira vya rangi ya mchanga, huku kila kimoja kikiwa na tundu la mviringo, hao wameuawa na nyigu mdogo ambaye hutaga yai ndani ya kidukari na ambaye mtoto wake hula mwenyeji wake akiwa ndani. Ziandike hesabu za vijipira hivyo kwa uangalifu uleule unaowaandika vidukari hai, kwa maana uwiano wa makundi hayo mawili ndio unaokueleza kama shambulio linapanda au linashuka.

Historia ya mdudu huyu inasaidia kuielewa dalili. Aliripotiwa Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 alikuwa ameshafika Kenya baada ya kupita Tanzania na Uganda. Kasi hiyo inatokana na maumbile yake: majike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, kwa hiyo mdudu mmoja aliyepeperushwa na upepo au aliyepanda mche ndani ya gari anatosha kuanzisha ukoo. Kwa muda mrefu aliitwa Cinara cupressi, na ni mwaka 1999 ndipo wataalamu walipomtenga kama spishi ya peke yake, ambayo kwao ni upande wa mashariki ya Mediterania. Hasara iliyozungumzwa wakati ule ilikuwa ya mashamba ya kupandwa: ilikadiriwa kuwa kufikia mwaka 1990 alikuwa ameua miti yenye thamani ya dola za Marekani milioni 44 katika nchi alizozivamia, na kwamba ukuaji uliopotea ulifikia dola milioni 14.6 kila mwaka. Hesabu hizo zilihusu zaidi msaipresi wa kigeni, mti wa mbao na wa ua wa nyumba. Mtarakwa wa msituni haukupandwa na mtu wala haukuandikwa kwenye daftari la kampuni yoyote, kwa hiyo uliteketea nje ya hesabu. Jambo hilo hunisikitisha kila ninapolifikiria, kwa kuwa huu ni mti ambao kiini chake humshinda hata mchwa, na nguzo zake za uzio hudumu kwa miongo, lakini ukiwa hai hauna kinga dhidi ya mdudu laini unayeweza kumponda kwa kidole.

Sababu nyingine zinazofanana na hiyo

Mtarakwa una gome jembamba lenye nyuzi, na moto mdogo wa nyasi unaweza kuua upande mmoja wa shina bila kuacha kovu la kutisha. Kwangua gome la chini na utafute mkaa. Watu pia huchuna gome hilo kwa ajili ya kuezekea na kufunikia mizinga, na mti uliochunwa kuzunguka shina lote hukauka kuanzia kileleni, kinyume na mwendo wa kidukari. Ukikuta utando mweupe wa kuvu chini ya gome kwenye kitako cha mti, pamoja na uyoga wa rangi ya asali wakati wa mvua, hiyo ni Armillaria. Kuna pia kuvu wa Pyrofomes demidoffii anayeozesha kiini: mti huo unaweza kuonekana mzima kwa miaka mingi, majani yakiwa ya kijani, hadi upepo unapouvunja na kuonyesha uwazi ndani yake. Sababu hizi hazifukuzani. Mti uliodhoofishwa na moto au ukame huvumilia vidukari kidogo sana, na mara nyingi jibu sahihi la kuandika kwenye fomu ni sababu mbili, kwa mfuatano wake.

Matundu madogo shinani nayo yanahitaji uangalifu. Wadudu wengi wanaotoboa mbao huja baada ya mti kufa, na kuwakuta kwenye mti mkavu si habari. Tundu linalopaswa kukushtua ni dogo kama ncha ya kalamu ya wino, liko kwenye mti ambao bado ni hai, na gome linalolizunguka limebadilika rangi au linatoa utomvu au unga mweupe wa sukari. Dalili za namna hiyo ndizo zilizoonekana Afrika Kusini kwa mbawakawa mdogo kutoka Asia (Euwallacea fornicatus), ambaye hubeba kuvu wake na kuupanda ndani ya shina ili awe chakula chake, na ambaye anashambulia miti ya kigeni na ya asili vilevile. Ukikuta jambo kama hilo katika msitu wako, usikate kipande na kukibeba. Piga picha, weka alama kwenye mti na utoe taarifa.

Migunga iliyovunjika na vinundu vilivyo kimya

Dalili ya Laikipia haifanani na ugonjwa hata kidogo. Unaingia mahali ambapo migunga ilikuwa imesongamana, unakuta matawi yamechanwa, mashina yamepasuliwa na upeo wa macho umefunguka. Sababu ya karibu inaonekana kwa nyayo zake: tembo. Swali la kuuliza ni kwa nini tembo hao hao, waliokuwa wakiuepuka mti huu kwa miaka na miaka, sasa wanaula.

Mgunga wa vinundu huwapa sisimizi nyumba ndani ya miiba yake iliyovimba, pamoja na nekta, nao sisimizi huulinda. Tembo anapoleta mkonga wake hutokea mamia ya sisimizi wa jenasi ya Crematogaster wanaouma ndani ya pua, mahali ambapo ukubwa wa mnyama hausaidii chochote. Mdudu mgeni aliyeharibu mapatano haya ni sisimizi mwenye kichwa kikubwa (Pheidole megacephala), ambaye inadhaniwa asili yake ni visiwa vya Bahari ya Hindi. Yeye hujenga ardhini, hupanda mtini kwa wingi, huwaua sisimizi wenyeji pamoja na mayai na watoto wao, na baada ya hapo hamlindi mwenyeji wake mpya dhidi ya mnyama yeyote. Watafiti waliolinganisha maeneo yaliyovamiwa na yasiyovamiwa waligundua kwamba tembo huvunja migunga kwa kiwango cha mara tano hadi saba zaidi pale palipovamiwa.

Kipimo chake ni chepesi. Gonga tawi kwa fimbo, ukiwa umesimama mbali kidogo, na usubiri kwa nusu dakika. Kwenye mti wenye walinzi wake, sisimizi hufurika juu ya vinundu huku wameinua matumbo yao. Kwenye mti uliovamiwa hakuna anayetoka, au wanatoka wachache wasio na hasira. Kisha chimbua majani yaliyooza kwenye kitako cha mti. Ukikuta sisimizi wengi wa kahawia wa saizi mbili zilizo wazi, wadogo wengi na wachache wenye kichwa kikubwa kisicholingana na mwili, umepata jibu lako. Tahadhari moja: sisimizi mweusi mwembamba wa Tetraponera penzigi, ambaye ni mwenyeji, huweza kubaki hata baada ya uvamizi, kwa hiyo kumkuta yeye si ushahidi kwamba eneo ni salama.

Uvamizi huu huenea kwa takriban mita 50 kwa mwaka, mwendo ambao hakuna mtu anayeuona kwa msimu mmoja. Matokeo yake, hata hivyo, yamefika mbali kuliko mtu angeweza kukisia. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, ambako miti imepungua na pundamilia anaweza kumwona simba kwa mbali, sehemu ya pundamilia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi asilimia 42 mwaka 2020, huku nyati, ambao hawakuwemo katika hesabu ya mwanzo, wakifikia asilimia 42. Nimetaja hili kwa makusudi, kwa sababu afya ya msitu haipimwi kwa majani ya miti pekee.

Miti mikubwa ipo, miche haipo

Hapa ndipo penye suala lenyewe la muda mrefu, na hapa ndipo makosa mengi ya utambuzi hufanyika. Mtu hutembea chini ya mitarakwa mikubwa, haoni mche hata mmoja, na kuandika kwamba msitu unakufa. Mtarakwa ni mti wa mwangaza. Huota vizuri mahali palipofunguka, mathalani baada ya moto au maporomoko, na hauoti vyema kwenye kivuli kizito cha wazazi wake, ambako podo na mzeituni huchukua nafasi kwa utaratibu wa kawaida kabisa. Kwa hiyo kukosekana kwa miche chini ya mwavuli uliofungana si dalili ya wadudu. Unapaswa kuitafuta kwenye mianya, kwenye ukingo na kwenye makovu ya moto wa miaka iliyopita.

Huko ukikuta miche ya kufika kifundoni lakini hakuna ya kufika magotini wala kifuani, kuna kitu kinachoikata njiani. Tafuta kwanza nyayo na samadi, kwa sababu ng'ombe hukanyaga mingi kuliko anayokula, tafuta mkaa, kisha kagua mashina machanga kwa vidukari. Ukikosa miche ya umri wowote, inua macho na uwatazame wazazi. Mtarakwa una miti ya kiume na ya kike, na ni wa kike tu unaobeba matunda madogo ya rangi ya buluu iliyokoza, ambayo ndege huyasambaza. Tena mbegu nyingi huwa tupu ndani. Katika kipande kidogo cha msitu, kifo cha miti michache ya kike kinaweza kuufunga uzazi wa msitu mzima, hata kama mtu anayehesabu mashina ataona kwamba tisa kati ya kumi bado yamesimama. Hiyo ndiyo sababu ninasisitiza kwamba daftari la ufuatiliaji liandike jinsia ya mti na uwepo wa matunda. Unene wa shina peke yake hautoshi.

Marekani Kaskazini imejifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mbawakawa wa kijani kutoka Asia, Agrilus planipennis, alitambuliwa karibu na Detroit mwaka 2002, lakini pete za ukuaji za kila mwaka ndani ya mashina ya miti iliyokufa zilionyesha baadaye kwamba alikuwa ameshakaa humo tangu miaka ya 1990. Miti mikubwa ya jenasi ya Fraxinus, ambayo mdudu huyo huishambulia, ilipokufa, iliacha nyuma yake kizazi cha miche kisicho na wazazi wa kukiongezea mbegu, na miche hiyo ikinenepa hufikiwa na mdudu yuleyule. Karibu zaidi na sisi, mwerezi wa Mulanje (Widdringtonia whytei), mti wa taifa wa Malawi usiopatikana kiasili mahali pengine popote duniani, ulipigwa na kidukari huyuhuyu wa msaipresi wakati tayari ulikuwa ukikatwa kiharamu na kuunguzwa, na leo uko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mdudu hakuwa adui wake pekee. Alipofika aliukuta mti ambao tayari haukuwa na akiba.

Cha kufanya, na cha kuepuka

Usinyunyizie viuatilifu msituni. Kwenye ua wa nyumba dawa inaweza kuokoa mti, lakini kwenye msitu wa asili itaua kwanza nyigu na wadudu wengine wanaowala vidukari, itaua nyuki, na vidukari watakaosalia watarudi bila mpinzani. Katikati ya miaka ya 1990 nyigu mdogo anayeitwa Pauesia juniperorum aliletwa kutoka Ulaya na kuachiwa Malawi, Kenya na Uganda kwa ajili ya kumdhibiti kidukari huyu, naye akakita. Vile vijipira vyenye tundu, nilivyovitaja juu, mara nyingi ni kazi yake, na kila mti unaopuliziwa dawa unamnyima chakula.

Funga njia anazopitia mdudu. Miche ya misaipresi isipelekwe kupandwa kwenye ukingo wa msitu wenye mitarakwa, na miche ya kurejeshea msitu ioteshwe kwenye kitalu cha jirani kwa mbegu za msitu huohuo. Sisimizi mwenye kichwa kikubwa husafiri ndani ya udongo wa vyungu, changarawe, nyasi kavu na vifaa vya ujenzi vinavyopelekwa kambini, kwa hiyo shehena ikaguliwe kabla haijaingia hifadhini. Baada ya kuingia, juhudi yoyote huwa ya kuchelewesha. Kuni na nguzo zenye gome zisivushwe kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Toa taarifa pia kwa wanaohusika: nchini Kenya ni taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, pamoja na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea; nchini Tanzania ni TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, Wakala wa Huduma za Misitu na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Sampuli ya kidukari ihifadhiwe kwenye kichupa chenye spiriti, pamoja na tarehe, mahali, mwinuko na jina la mti, kwa sababu kidukari aliyekaushwa kwenye karatasi hupoteza alama zinazomtambulisha.

Mwisho, chagua miti ishirini au thelathini, iwekee namba, na uipige picha ukisimama mahali palepale, mwezi uleule wa kiangazi, kila mwaka. Kwa kila mti andika sehemu ya matawi iliyokauka, vidukari hai, vijipira vyenye tundu, matunda, na miche iliyo ndani ya hatua kumi kutoka shinani. Daftari hilo likae kijijini, nakala yake ikae kwa afisa misitu, na lirithiwe na atakayekuja baada yako, kwa kuwa mtarakwa unahitaji miongo mingi kufikia umri wa kuzaa vizuri na hakuna mlinzi mmoja anayeweza kuufuatilia hadi mwisho.